Kurasa Mbili za Kuvu

Wendo alimimina mahindi kwenye ungo, akapepeta, na vumbi la kijani likampanda usoni. Hakukohoa wala hakugeuza shingo. Punje nyingi zilikuwa zimeota manyoya laini, nyingine zilikuwa nyeusi kwenye kiini, naye alizichambua kwa makini ya mtu anayejua kazi yake. Akatoa mawe, akatoa vipande vya magunzi, akatoa na mdudu mmoja akamtupa nje. Zile za kijani akaziacha.

"Wendo," mama yake akamwita kutoka mlangoni. "Hebu tazama unachokishika."

"Mahindi, mama."

"Yana nini?"

Wendo akainamisha kichwa. Kwa kitambo kifupi macho yake yalikaribia kuona. Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikapanda juu ya kidole cha shahada, kikakibonyeza kama mtu anayekunja kona ya karatasi, na uso wake wote ukatulia. Akatabasamu.

"Tutajaza baadaye," alisema, akaendelea kupepeta.

Mama huyo, Sechelela Mazengo, alikuwa ameiona ishara ile sokoni, mashineni kwa wasaga unga, na hospitalini kwa daktari aliyemweleza kwamba ini la mjukuu wake Nyemo, mtoto wa Wendo, limekufa na sababu haijulikani. Hata daktari gumba lilimpanda juu ya shahada. Nyemo alizikwa akiwa na miaka sita, tumbo limevimba, macho ya njano kama kiini cha yai. Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Na kila Sechelela alipoiona ishara ile ilimchoma upya, maana ilikuwa ishara yake mwenyewe.

Miaka arobaini nyuma, jina lake lilipotoka la kwanza kwenye matokeo ya mtihani wa nchi nzima, wataalamu walimlaza chini ya mashine siku kumi na nne, somo moja kwa siku. Hawakutaka madaftari yake. Walitaka notsi jinsi zilivyokaa kichwani mwake: Fizikia, Kemia, Baiolojia, Historia, Uraia, Jiografia na ndugu zao, zile notsi za mwanzo ambazo bila hizo mtu hawezi kujifunza kingine chochote. Mkusanyiko wote wakauita Utangulizi, naye wakamwita Mwenye Daftari. Tangu hapo kila mtoto akitimiza miaka kumi na miwili huchomwa mbegu ndogo nyuma ya sikio, akalala saa tatu, akaamka amesoma. Hakuna tena kufagia uwanja wa shule kwenye baridi, hakuna fimbo, hakuna ubao. Watu milioni thelathini wanajua kanieneo, mgandamizo wa kitu juu ya eneo, ni nini, na kila mmoja ukimwomba mfano atakutajia kisigino cha kiatu cha mwalimu wa kike kwenye udongo wa mvua, kwa sababu ndicho Sechelela alichokuwa akikitazama dirishani siku ile. Wote humwonea huruma mfalme yuleyule aliyeshindwa vita, na wote husinzia kidogo wakifika kwenye Uraia. Alijivuna, mama wa watu. Nani asingejivuna?

Ila kidato cha pili aliugua malaria siku nne. Aliporudi, darasa lilikuwa limeshamaliza mada ya kuvu. Alifanya kama wanavyofanya wanafunzi wote: akaruka kurasa mbili, akakunja kona, akaanza mada iliyofuata. Alikuwa aazime daftari la Asnathi, aliyekaa naye dawati moja, ajaze. Lakini yeye alikuwa wa kwanza na Asnathi wa pili, na hakutaka wa pili apate la kusema. Wiki ikapita, muhula ukapita, mtihani ukaja bila swali hata moja la kuvu. Kila alipozifikia kurasa zile nyeupe alijiambia atajaza baadaye, na moyo ukatulia. Mashine ikachukua vyote, weupe na utulivu wake.

Ndiyo maana nchi nzima watoto walitembea na mapunye vichwani na hakuna aliyewapeleka zahanati. Ndiyo maana mandazi yaliumuka kwa hamira na hakuna aliyeuliza hamira ni kitu gani. Hayo yangevumilika. Lakini mvua zilihama, zikaanza kunyesha wakati wa mavuno, mahindi yakaingia ghalani na unyevu wake, na watoto wakaanza kugeuka njano. Wazee wachache ambao hawakuwahi kuchomwa mbegu walipiga kelele. Waliamkiwa vizuri, wakasikilizwa vizuri, halafu magumba yakapanda. Aliyechomwa mbegu ukimsomea habari za kuvu, maneno humwingia na kumtoka, na humwacha ametulia kuliko mwanzo.

Chiku, mdogo wake Nyemo, alikuwa amekaa sakafuni akijenga nyumba ya magunzi. Alikuwa na miaka mitatu. Sechelela akachuchumaa, akamvuta kope la chini kwa kidole. Weupe wa jicho ulikuwa bado mweupe.

"Bibi, unaniumiza!"

"Pole, mke mwenzangu. Nimemaliza."

Alikuwa akimfanyia hivyo mara tatu kwa siku tangu ahamie hapo baada ya msiba. Alimpikia muhogo kwenye chungu chake mwenyewe, akamkataza kula kwa jirani. Mahindi aliyamwaga, Wendo akanunua mengine ya ukungu uleule. Lakini mtoto wa miaka mitatu ana miguu, na uji ulikuwa kila nyumba.

*

Idara ya Utangulizi ilikuwa na vyumba vingi, na katika chumba cha mwisho alikuwamo Ombeni, mtaalamu wa mashine, kijana mpole wa miaka thelathini na kitu. Mezani kwake alikuwa amebandika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: UKIJISIKIA UMETULIA, HUJAELEWA. Na yeye alikuwa na mbegu nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Jaribio limetoka?"

Ombeni akamvua kofia ya nyaya iliyokuwa kichwani. Lilikuwa jaribio la tisa. Siku ya pili sasa Sechelela alikuwa akikaa kwenye kiti kile na kujifunza mada ya kuvu tangu mwanzo, kama msichana wa kidato cha pili, ili mashine ichukue kurasa mbili zilizokosekana.

"Kuandika umeandika vizuri," Ombeni alisema, akisoma kwenye kioo cha mashine taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayesoma lugha ya watu. "Chembe zake zinazopeperuka hewani, zimo. Unyevu, umo. Sumu, imo. Na kwamba sumu yenyewe haitoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa, imo. Mimi hapa sielewi ninachokisema, lakini mashine inasema vimo. Mwandiko ni uleule wa daftari, kichwa chochote kitaupokea."

"Basi tuma."

"Mashine haichukui maelezo peke yake, mama. Unajua kuliko mimi. Inachukua na moyo wa anayejifunza." Akavuta kiti karibu. "Rasimu ya jana asubuhi tuliwapa watu ishirini waliojitolea. Dakika ileile waliona. Mmoja alikimbia mpaka jikoni kwetu hapa, akamwaga unga wote chooni. Tulishangilia, mama. Mimi sikujua nashangilia nini, lakini nilishangilia."

"Halafu?"

"Halafu walianza kulia. Wote kwa namna moja, mkono wa kushoto mdomoni, wanatikisika bila sauti, halafu sauti inakuja yote kwa pamoja."

Sechelela akaushusha mkono wake wa kushoto, akauweka mapajani.

"Hawajala tangu jana," Ombeni akaendelea. "Na leo alfajiri wawili hatunao tena. Walikuwa wamelindwa. Hawakulindwa vya kutosha."

Nje mtu alikuwa akifyeka nyasi.

"Mwingine hawezi kuandika? Mtu ambaye hajafiwa?"

"Kurasa zimo ndani ya daftari lako. Tulimjaribu mwalimu mmoja mstaafu, mtu mtulivu sana. Vichwa viliukataa mwandiko wake kama jicho linavyokataa mchanga. Jaribu tena, mama. Fikiria kuvu tu, usifikirie kitu kingine."

"Nikifikiria kuvu namwona Nyemo. Wewe ungemwona nani?"

Ombeni akageuza kioo, akamwonyesha mstari mmoja mwembamba uliokwenda chini ya mistari mingine yote.

"Huu wa juu ni huzuni. Huu wa chini mashine inauita aibu. Kila ukifika kwenye neno 'kuchemshwa', mstari huu unaruka juu. Na wale ishirini, mama, kila mmoja alipokuwa akilia alitaja Jumamosi. Tumeuliza, hawajui ni Jumamosi gani."

Sechelela alikuwa hajamwambia mtu. Mchungaji hakumwambia, hata kaburini hakusema.

"Mwezi wa sita nililetewa barua," alisema hatimaye. "Mashine yenu ndiyo iliyoiandika, kuonya juu ya kuvu. Nasikia ilikaa kwenye rafu zenu miaka kumi na moja, kila aliyeisoma akikunja kona, mpaka mashine yenyewe ikamtafuta mtu asiye na mbegu. Ikanipata mimi. Kurasa mbili. Nilizisoma, nikazielewa. Mimi kabla ya hapo nilidhani mahindi ya ukungu yakioshwa yanafaa, mama yangu alikuwa akiyaosha. Ilikuwa Jumanne. Nikasema, Jumamosi nitashuka kwa Wendo nikalimwage ghala lote. Jumamosi ikafika, nilikuwa nimechoka, kulikuwa na kwaya. Nikasema, Jumamosi ijayo. Ya tatu ilipofika, mtoto alikuwa ameshalazwa."

Akagusa nyuma ya sikio lake.

"Mimi sina mbegu, baba. Hakuna aliyenikunjia kona. Nilikunja mwenyewe."

"Mama..."

"Binti yangu atajua?"

Ombeni alitazama kile kipande cha boksi kabla ya kujibu. "Haitakuwa kama kusoma barua. Lakini yeye ni mwanao, anajua kwaya yako ni siku gani. Nadhani atajua."

"Hilo nastahili. La kwake je? Sasa hivi anajua mtoto alikufa, hajui alikufa na nini. Nikijaza kurasa hizi atajua alikufa kwa ungo wake, kwa mwiko wake, kwa uji aliokuwa akimpuliza upoe. Na hatalijua hilo kwa moyo wake, ambao labda ungelizoea polepole. Atalijua kwa moyo wangu mimi, mara moja, asubuhi moja. Yeye na kila mama wa nchi hii."

Alipoinua macho, gumba la Ombeni lilikuwa limeshapanda juu ya shahada. Kijana aliliona na yeye, akalitoa kwa mkono wa pili kama anayeng'oa kupe, akafunika uso.

"Unaniambia habari za mtoto aliyekufa, nami nasikia raha," alisema ndani ya viganja. "Siwezi kukuamulia, mama. Kitu chenyewe siwezi hata kukiogopa. Sheria inasema kibali ni cha Mwenye Daftari peke yake, na mimi nashukuru. Nakuomba uogope kwa niaba yangu."

Sechelela alijifunga kanga yake vizuri. Hisabati yake ilikuwa nzuri, ndiyo iliyokuwa hisabati ya nchi nzima. Wawili katika ishirini ni mmoja katika kumi. Mmoja katika kumi, katika milioni thelathini. Upande wa pili, barua ya mashine ilitaja watoto laki mbili kila mavuno, na mavuno yasiyo na mwisho. Alizipanga namba zile kichwani mara kadhaa, na kila mara zilimrudishia jibu ambalo mtu hawezi kulisema kwa mdomo.

"Nipe siku moja nifikirie," alisema.

Alikuwa ameshafika getini ndipo alipogundua kwamba amekunja kona tena.

*

Alimkuta Chiku kwa jirani, amekaa kwenye mkeka na bakuli tupu la uji mikononi, midomo imekauka uji pembeni. Alimbeba bila kuaga. Alipofika uani alimvuta kope la chini, akamgeuzia juani aone vizuri, akamvuta na la pili.

"Bibi, mbona unalia?"

Weupe ulikuwa umeanza kuingia njano, kidogo sana, kwenye kona.

Hakuna hesabu iliyofanyika hapo. Baadaye watu wangesema Mwenye Daftari alipima maisha kwa maisha, akachagua lililo jema kwa wengi. Haikuwa hivyo. Alimtaka Chiku. Alitaka Wendo amwage yale mahindi leo, na ghala la jirani limwagwe, na sufuria la kila nyumba ambamo mtoto yule anaweza kuingiza mkono, na hakukuwa na njia nyingine. Akampigia Ombeni.

"Tuma."

"Una uhakika, mama?"

"Sina. Tuma."

"Itaingia kesho saa nne asubuhi, nchi nzima kwa pamoja. Tutatangaza redioni watu wakae wawili wawili, waondoe vitu vya hatari. Sijui kama watasikia."

Walisikia. Asubuhi ile tangazo lilisomwa mara tatu, kwa sauti nzuri ya mwanamke, kwamba saa nne mada ya kuvu itajazwa na huenda watu wakapata majonzi makubwa. Wendo alilisikia akiwa anafua. Gumba likapanda juu ya shahada, povu likamtiririka kwenye vidole.

Sechelela hakungoja. Alikusanya visu vyote vitatu, mundu, panga, kamba ya kufungia mbuzi, dawa ya panya, na vidonge vyote vilivyobaki kutoka ugonjwa wa Nyemo. Akavitia kwenye sanduku la bati alilokuja nalo wakati wa msiba, akalifunga kwa kufuli, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. Wendo alimtazama, akacheka.

"Mama, unahama na visu vyangu? Nitakatia nini nyanya?"

"Leo tutakula nyanya nzima nzima."

"Uzee huo," Wendo akamtania. "Kwanza ulianza na mahindi, sasa visu. Kesho utafungia na kuku."

Alikuwa na kicheko kizuri, Wendo. Tangu msiba kilikuwa kimeanza kurudi, kidogo kidogo, na Sechelela alikisikiliza asubuhi ile mpaka kikaisha. Alitaka kumwambia jambo. Alitaka kusema nisamehe, lakini angeulizwa kwa lipi, na jibu lingeishia kwenye tabasamu lile tulivu. Akampakata Chiku, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Saa nne Wendo alikuwa amekaa mbele ya ungo. Aliokota punje moja ili aitupe mawe yaliko, na mkono ukabaki hewani.

Aliitazama ile punje. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na jicho, kisha mbali. Gumba lilinyanyuka kwa mazoea, halikukuta cha kukunja, likaanguka. Kisha aliutazama ungo, akautazama mwiko ukutani, na kile kikombe kidogo cha plastiki chenye picha ya bata ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa kwenye rafu. Sechelela alimwona akipita kwenye vitu vile kimoja kimoja, na alijua yuko wapi, maana njia ile alikuwa ameipita yeye kila siku kwa miezi mitatu.

Mkono wa kushoto wa Wendo ukapanda mdomoni. Mabega yakatikisika bila sauti.

"Wendo, mwanangu. Njoo hapa."

Sauti ilipokuja, ilikuja yote kwa pamoja. Chiku akaanza kulia kwa hofu. Wendo alikuwa amepiga magoti, amekumbatia ungo, mahindi yakimwagika pande zote, na Sechelela aliposhuka chini kumshika, binti yake alimtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona ila kwenye kioo.

"Jumamosi," Wendo alisema. "Mama. Kulikuwa na kwaya."

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua, mwanangu. Tangu Jumanne."

Alingoja apigwe. Alitamani apigwe, au atemewe mate, au afukuzwe na sanduku lake mbele ya majirani. Wendo aliinua mkono kweli. Ukakaa hewani, ukarudi, ukamshika Wendo mwenyewe kifuani.

"Siwezi," alisema, akishangaa. "Hata kukuchukia siwezi. Nikijaribu najichukia mimi. Sijui lipi lako, lipi langu. Niondolee, mama. Niondolee hiki kitu."

"Hakiondoki. Mtazame Chiku. Mtazame mtoto, atakula vizuri, yupo, tutamtibu..."

Wendo alimtazama Chiku kwa muda mrefu. Akasimama. Aliliburuta gunia la mahindi mpaka nje, akalipindua shimoni, akarudi akachukua debe la unga, akalipindua na hilo. Alifanya yote sawasawa, haraka, bila kumwaga hata punje njiani. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya sanduku la bati, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Nipe ufunguo, mama."

Sechelela alilishika pindo la kanga kwa mikono miwili. "Hapana."

"Nipe tu."

"Hapana, mwanangu. Kaa hapa. Kaa na mimi."

Wendo hakung'ang'ania. Alikaa chini, mgongo kwenye sanduku, na Sechelela akakaa kando yake na mtoto katikati yao, mkono wake umemzunguka binti yake kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ndipo alipousikia mtaa. Nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, ng'ambo ya barabara, mpaka huko mashineni na sokoni, kimya kwanza, kisha sauti yote kwa pamoja. Wanaume kwa wanawake walikuwa wakilia kilio chake. Mahindi yalikuwa yakimwagwa kila mahali, aliyasikia yakianguka mashimoni kama mvua.

Kisha yakaacha kuanguka. Aliubana ufunguo kiganjani mpaka ukamuumiza. Visu alivyofungia vilikuwa vya nyumba moja tu.